Mgonjwa na Dirisha Lake

Liko swali moja ambalo huulizwa kila mara watu wakutanapo kushauriana juu ya kujenga zahanati au hospitali. Fedha ni chache, na mahitaji ni mengi. Je, fedha zote ziende katika dawa, vitanda na vyombo, au sehemu yake itumike kwa madirisha mapana, na kivuli cha miti, na bustani ambayo mgonjwa aweza kuiona akiwa amelala? Wako wasemao, "Mgonjwa hakuja kutazama maua; amekuja kupona." Na wako wajibuo, "Mtu hapati uzima kwa sindano peke yake." Maneno haya mawili yote yana sura ya kweli, kwa hiyo yafaa tuyapime polepole. Wala tusidhani kwamba ni shauri la waashi na maseremala tu, maana ndani yake limo swali kubwa zaidi: mgonjwa ni nini? Je, ni mwili ulioharibika unaongoja kutengenezwa, au ni mtu kamili, mwenye macho na masikio na moyo, ingawa hawezi kusimama?

Kwanza na tufikiri juu ya hali yake. Sisi tulio wazima hatujali sana chumba kilivyo. Kikituchosha tunatoka nje, tunaketi chini ya mwembe, tunatazama watu wapitao. Mgonjwa hana ruhusa hiyo. Kile kilicho mbele ya kitanda chake ndicho ulimwengu wake wote, asubuhi na mchana na usiku. Tena fundi huichora nyumba akiwa amesimama, na mgonjwa huikaa akiwa amelala chali. Fundi huona kuta na mlango. Mgonjwa huona dari, na taa inayomchoma macho, na kona yenye utando wa buibui. Wazee walisema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Ndivyo ilivyo kwa wodi: atakayesema kweli juu yake ni yeye aliyelala ndani yake.

Neno hili si geni. Bibi Florence Nightingale, aliyekwenda mwaka 1854 kuwauguza askari wa Kiingereza huko Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, alikuta hospitali yenye uchafu mwingi na hewa nzito, ambamo watu wengi walikufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Mwaka 1855 wakaja watu waliotumwa na serikali yao, wakasafisha mifereji ya maji machafu na kufungua njia za hewa, na vifo vikapungua sana. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uuguzi, aliweka kuwa sheria ya kwanza kwamba hewa ya chumba cha mgonjwa iwe safi kama hewa ya nje, bila kumtia baridi. Akasema tena kwamba mwanga ni haja ya pili baada ya hewa. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa, karibu wote, hulala nyuso zao zikielekea dirishani, kama vile mmea unavyoinamia upande wa jua. Naye aliwakemea wale waliodhani kwamba haja ya mgonjwa ya kuona rangi na maua ni upuuzi wa moyo tu. Aliamini kwamba mambo hayo huugusa mwili wenyewe.

Miaka sabini na kitu ikapita, na katika nchi ya Finland, penye misitu mikubwa ya misonobari, pakajengwa hospitali ya wenye kifua kikuu, mahali paitwapo Paimio. Msanifu wake alikuwa Bwana Alvar Aalto, na kazi ikamalizika mwaka 1933. Siku zile haikuwapo dawa iliyoweza kuua vijidudu vya ugonjwa ule. Kilichokuwapo ni hewa safi, jua, chakula na kupumzika. Basi jengo lenyewe lilipaswa kufanya sehemu ya kazi ya dawa. Bwana Aalto alisimulia kwamba aliwahi kulala hospitalini, akaona taabu ya mtu alalaye chali siku nyingi. Kwa hiyo akapaka dari rangi ya kijani iliyokolea, ili macho yapumzike. Akaweka taa mahali ambapo mwanga wake haumpigi mgonjwa usoni. Akatengeneza beseni la kunawia ambalo maji yake hayapigi kelele, ili mgonjwa mmoja anaponawa asimwamshe mwenzake. Vyumba vikaelekezwa upande wa jua, na msitu ukaachwa karibu. Tuangalie jambo hili vizuri, wasomaji. Hakuna hata moja katika hayo lililo la anasa. Beseni lisilo na kelele si pambo, ni heshima kwa usingizi wa jirani.

Lakini mtu mwenye akili atauliza, "Mna ushahidi gani? Huenda ni mawazo mema tu ya watu wenye huruma." Swali hili ni la haki, na lilipata jibu mwaka 1984. Bwana Roger Ulrich, mtaalamu wa Kimarekani, alichunguza daftari za hospitali moja katika jimbo la Pennsylvania, za kuanzia mwaka 1972 hata 1981. Katika hospitali ile vyumba vya upande mmoja vilifanana karibu kwa kila jambo, isipokuwa hili: madirisha mengine yalitazama miti michache, na mengine yalitazama ukuta wa matofali ya rangi ya hudhurungi. Akachagua wagonjwa 46, wote waliopasuliwa kutolewa kifuko cha nyongo, akawapanga wawili wawili waliolingana kwa umri na hali zao, mmoja wa mti na mmoja wa ukuta. Akaona kwamba waliotazama miti walikaa hospitalini baada ya kupasuliwa siku 7.96 kwa wastani, na waliotazama ukuta siku 8.70. Tena wale wa miti waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi, na wauguzi waliandika habari chache zaidi za huzuni na manung'uniko yao.

Sasa na tuwe waaminifu, maana ushahidi mdogo ukivutwa sana hukatika. Watu 46 si wengi. Tofauti ya siku haifiki hata siku moja nzima. Wala hatuwezi kujua kwa hakika kama mti uliponya au kama ukuta uliumiza. Bwana Ulrich mwenyewe alionya kwamba habari yake haihusu kila kitu kinachojengwa na watu. Alisema huenda mgonjwa aliyelala siku nyingi na kuchoshwa na upweke akafaidiwa zaidi na dirisha linalotazama njia yenye watu kuliko lile la miti. Onyo hili ni tamu kwetu sisi watu wa vijijini. Mama mzee aliyezoea kusikia salamu tangu alfajiri huenda asitamani msitu mtulivu. Huenda akatamani kuiona njia ya kisimani, na watoto waendao shule, na jirani apitaye na jembe begani. Basi tusiseme, "Mti huponya," kana kwamba ni dawa ya kupimwa kwa kijiko. Tuseme hivi: mtu aliyefungiwa mbali na vitu vilivyo hai hudhoofika kwa namna ambayo dawa peke yake haiigusi, na dirisha jema humrudishia sehemu ya vitu hivyo.

Liko jambo la pili ambalo si la macho tu, nalo ni la kufa na kupona. Ni jambo la upepo. Kifua kikuu huenda hewani, kutoka pafu la mmoja hata pafu la mwingine, na chumba kilichofungwa huwa kama chungu chenye kifuniko. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya kuhuzunisha kutoka Tugela Ferry, katika KwaZulu-Natal ya Afrika Kusini. Wagonjwa 53 walionekana kuwa na kifua kikuu cha namna iliyoshinda karibu kila dawa, na 52 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wamelazwa hospitalini hapo kabla, na waliochunguza wakaona kwamba wengine waliambukizwa mle mle walimokwenda kutafuta uzima. Hebu tuwaze juu ya neno hilo: nyumba ya kuponyea ikageuka kuwa nyumba ya kuambukizia.

Mwaka uliofuata, 2007, wachunguzi waliopima hewa katika hospitali za mji wa Lima, nchi ya Peru, walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Wodi za zamani, zenye dari ya juu na madirisha makubwa, zilibadilisha hewa vizuri kuliko wodi mpya zenye dari fupi na madirisha madogo. Na madirisha yakifunguliwa, zilizishinda hata zile zenye mashine za kuvuta hewa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo juu ya kutumia upepo wa kawaida kuzuia maambukizo hospitalini. Kwa hiyo yule asemaye kwamba dirisha pana ni pambo na ajue hivi: kwa jirani ya mtu anayekohoa, dirisha ni ngome.

Labda msomaji atasema, "Haya ni ya Ulaya na Marekani, kwenye fedha nyingi." Basi na tuje karibu. Katika kaskazini ya Rwanda iko wilaya ya Burera, nchi ya milima na mawe. Watu wake, zaidi ya 300,000, walikaa miaka mingi bila hospitali ya wilaya. Mwezi wa Januari mwaka 2011 ikafunguliwa hospitali ya Butaro juu ya kilima, yenye vitanda yapata 140. Iliundwa na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika liitwalo Partners In Health na wasanifu wa MASS Design Group. Wajenzi walitumia mawe ya volkano, ambayo wakulima walikuwa wakiyatupa pembeni kwa kuwa yaliwazuia kulima. Waashi wa huko wakayachonga wakayapanga, na kuta zikawa nzuri ajabu. Mahali pa kupita na pa kungojea pakawekwa nje, penye upepo, ili wakohoao wasibanwe pamoja ndani. Ndani ya wodi vitanda havikuegemezwa kwenye kuta za nje kama ilivyo desturi. Viliegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, ili kila mgonjwa ayaelekee madirisha, aone vilima na mashamba. Mti mkubwa wa mvumu uliokuwapo haukukatwa; jengo likawekwa kuuzunguka.

Tunaona nini hapa? Tunaona kwamba kumgeuza mgonjwa alitazame dirisha hakukuhitaji dhahabu. Kulihitaji mtu wa kufikiri kabla ya kuchimba msingi. Kitanda ni kile kile, na dirisha ni lile lile. Kilichobadilika ni upande wa kichwa. Jiwe lililokuwa kero ya jembe likawa ukuta, na ujira wake ukabaki mikononi mwa watu wa hapo hapo. Mara nyingi husemwa kwamba maskini hana budi kukubali kitu kibaya kwa kuwa kizuri kina gharama. Lakini dirisha linalopangwa kabla ya ukuta kujengwa lina gharama ndogo. Dirisha linalotobolewa baadaye, ukuta ukiisha kusimama, ndilo ghali. Na miche ya miti iliyopandwa siku ya kuweka msingi itakuwa kivuli kabla rangi ya mlango haijachakaa.

Hata hivyo tusikimbie ugumu wa swali. Itakuwaje ikiwa kweli kabisa zipo fedha za kitu kimoja tu, ama dawa ya malaria kwa watoto, ama bustani? Hapo jibu letu ni wazi: dawa kwanza. Asiyekubali hilo amependa uzuri kuliko watu. Mtoto mwenye homa kali hatibiwi kwa kivuli. Hata Paimio, dawa za kifua kikuu zilipopatikana katika miaka iliyofuata 1943, ule uponyaji wa hewa na jua uliachwa, na jengo likageuzwa kuwa hospitali ya maradhi mengine. Wala hapana anayestahili kuhuzunika kwa hilo. Lakini tuangalie sana tusije tukaitumia sababu hii ya kweli kuficha uvivu wetu. Mara nyingi si umaskini ulioziba dirisha, ni kutokufikiri. Si umaskini uliokata mwembe wa zahanati ili kuweka mahali pa kusimamisha magari ya wakubwa.

Sasa tumefika kwenye moyo wa jambo. Tuseme kesho atatokea mchunguzi mwingine atakayepima watu elfu kumi, akaonyesha kwamba dirisha lenye mti halipunguzi hata saa moja ya ugonjwa. Je, tutayaziba madirisha? Twasema hapana, na sababu yake ni hii. Wako wagonjwa ambao hawatapona. Yuko mzee aliyelazwa akingojea siku yake, na dawa zote zimekwisha kushindwa. Ikiwa mti ni halali kwa sababu tu unaharakisha kupona, basi mzee huyu hana haki ya mti, na apewe ukuta, maana kwake hakuna faida ya kuhesabu. Ni nani kati yetu awezaye kulisema neno hilo mbele ya baba yake mzazi? Moyo unakataa, na katika jambo hili moyo una akili. Unajua kwamba mtu hapewi mwanga kama malipo ya kupona. Anapewa kwa kuwa ni mtu. Kuumwa kumemwondolea nguvu, kazi, na pengine hata sauti, lakini hakukumwondolea heshima yake.

Basi ushahidi wa madaktari ni msaada mkubwa, na twaushukuru, kwa kuwa huwafumbua macho wale wasiosadiki ila hesabu. Lakini ushahidi ule si msingi wa wajibu wetu. Msingi ni kwamba aliyelala kitandani ni mwenzetu, naye amewekwa mikononi mwetu kwa muda asipoweza kujichagulia hata upande wa kulalia. Mwenye nguvu juu ya mtu asiyeweza kujisogeza ana deni kubwa kuliko mwenye nguvu juu ya mtu awezaye kuondoka.

Kutokana na hayo hutoka neno moja zaidi, nalo ni haki. Uzuri ukiwa haki ya mtu kwa kuwa ni mtu, hauwezi kugawanywa kwa mfuko wa fedha. Pengine twaona vyumba vya wenye kulipa vinatazama bustani, na wodi ya watu wengi inatazama ua wa takataka, hali mguu uliovunjika wa tajiri hauumi kuliko mguu wa maskini. Twasifu hapa mfano wa mji wa Singapore, ambako ilifunguliwa hospitali ya Khoo Teck Puat mwaka 2010, kando ya bwawa. Bustani zake huingiwa na kila mtu, hata jirani asiye mgonjwa. Na juu ya dari watu waliojitolea hulima mboga na matunda. Wodi za bei nafuu zilijengwa zipate upepo wa kawaida. Si vyote vinavyowezekana kwetu, lakini shauri lake lawezekana: bustani isiwe na mlango wa wenye fedha.

Wala tusiwasahau jamaa za wagonjwa. Katika nchi zetu mgonjwa haendi hospitalini peke yake. Humfuata mama, dada, mjomba, na sufuria ya uji. Mahali pengi hao hulala barazani na kupika juani, kana kwamba hawahusiki. Lakini wao ndio wamgeuzao mgonjwa, wamwoshao na kumtia moyo. Kivuli cha mti uani ni wodi yao. Anayepanda miti minne katika ua wa zahanati amewahudumia watu ambao hakuna daftari linaloandika majina yao.

Basi tufanye nini? Tutaje machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, palipo na shauri la kujenga zahanati, wazee na akina mama waulize mapema: upepo watoka wapi, jua laingia wapi, na mgonjwa atatazama nini? Pili, miti ipandwe, lakini kwa akili. Isikaribie mno paa, wala bustani isiwe na vidimbwi vya maji yaliyotuama, maana huko mbu huzaliana. Na dirisha pana lipate wavu, na kitanda kipate chandarua. Upepo unaoleta malaria si zawadi. Tatu, katika nchi za baridi mgonjwa afunikwe vizuri kabla ya kufungua dirisha, wala lisifungwe siku zote kwa hofu ya baridi. Nne, na hili ni la kila nyumba, tuiangalie desturi yetu ya kumlaza mgonjwa katika chumba cha ndani kabisa, chenye giza na moshi, kana kwamba ugonjwa ni aibu. Methali yatukumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kitanda chaweza kusogezwa. Mlango waweza kufunguliwa. Mgonjwa aweza kubebwa hata barazani jua likiwa pole, aone kuku, aone mgomba, aitike salamu za wapitao.

Hayo yote hayahitaji msanifu wala fedha za ng'ambo. Yahitaji mtu mmoja wa nyumba ile alale kwanza mwenyewe juu ya kitanda kile kwa muda mfupi, chali, bila kugeuka, aone kile ambacho mgonjwa wake atakiona mchana kutwa. Akiisha kuamka, atajua la kufanya.